Ladha Hujadiliwa

Maoni ya shabiki kuhusu kitabu, filamu, tamthilia au wimbo ni hukumu fupi inayotolewa bila maandalizi: kwamba mwimbaji fulani amechuja, kwamba picha ilikuwa tamu mpaka pale steringi alipofufuka, kwamba mwandishi fulani alikuwa bora zamani alipokuwa akiandika hadithi za magazetini. Hutolewa kijiweni, barazani, saluni na ndani ya daladala, na aghalabu hukatizwa na sentensi moja: kila mtu na ladha yake. Sentensi hiyo imegeuka sheria. Anayeitamka huonekana mstaarabu, na anayeendelea kubisha baada yake huonekana mgomvi. Upande wa pili wapo wasomi wa fasihi na sanaa, ambao huyaita maoni hayo porojo na kusema kuwa uhakiki ni wa wenye nadharia. Pande hizi mbili hudhaniwa kuwa mahasimu, kumbe katika jambo la msingi zinakubaliana. Zote zinaamini kuwa maoni ya shabiki hayana hoja ndani yake, na kwa hiyo hayawezi kuwa sahihi wala makosa. Shabiki huitumia imani hiyo kujikinga, msomi huitumia kumfungia mlango. Imani yenyewe ni potofu.

Kupenda ni jambo la moyo na halihitaji shahidi. Mtu akisema anaupenda wimbo kwa sababu ulipigwa siku ya harusi yake, hakuna wa kumpinga, wala hakuna haja. Lakini maneno ya mashabiki ni nadra kuishia hapo. Mtu yule yule husema kwamba sauti ya mwimbaji imezidiwa na ala, kwamba ubeti wa tatu umerudia wa kwanza bila sababu, kwamba mhusika aliyekuwa mchoyo tangu mwanzo hawezi kugawa mali yake katika ukurasa wa mwisho pasipo jambo lolote kumbadilisha. Hayo ni madai kuhusu kazi yenyewe. Yanaweza kukaguliwa kwa kusikiliza tena au kufungua kitabu, na yakaonekana ni kweli au si kweli. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kila mtu na ladha yake ni kujibu swali ambalo hakuliuliza.

Mashabiki wenyewe wanaijua tofauti hii vizuri. Wapo wanaotazama filamu za mapigano za bei nafuu kila wiki huku wakikiri waziwazi kuwa ni mbovu. Wapo wanaoiheshimu Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla kuwa ni diwani kubwa, na bado hawana hamu ya kuirudia. Kama kuhukumu kungekuwa jina jingine la kupenda, kauli hizo zisingeeleweka. Zinaeleweka, na hakuna anayeshangaa kuzisikia.

Hata kanuni za utanzu wanazo. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, mtazamaji mgeni hufundishwa mapema kwamba steringi hafi. Kanuni hiyo fupi inafanya kazi yote inayotarajiwa kwa nadharia: inataja mapatano kati ya mtengenezaji na mtazamaji, inatabiri mwendo wa hadithi, na inatoa kipimo. Steringi akifa, ubishi huanza papo hapo kuhusu iwapo mwongozaji amethubutu au ameshindwa kumalizia. Wasimulizi waliotia sauti zao juu ya filamu za kigeni, kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, walijenga kazi yao juu ya ujuzi huu wa hadhira. Walitafsiri kidogo na kutoa maoni mengi. Walimdhihaki adui, walimwonya steringi, walilikejeli tukio lisiloingia akilini. Watu walilipa kiingilio ili kusikia maoni ya shabiki mwenzao aliyejua kusema.

Hoja za mashabiki zilikwenda mbali zaidi kwenye muziki wa dansi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina pamoja na chama hicho kuwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye ikabaki na jina la Msondo Ngoma. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake, akiwemo mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, walishiriki kuanzisha Mlimani Park, maarufu kwa jina la Sikinde. Kwa aliye nje, ushindani uliofuata ulifanana na wa Simba na Yanga, ambapo mtu huzaliwa upande mmoja na kufia huko. Ulitofautiana nao kwa jambo moja zito. Mwaka 1985 Gurumo aliondoka Sikinde na kwenda Orchestra Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Mwimbaji Hassan Bitchuka naye alihama zaidi ya mara moja. Mpira nao una uhamisho, lakini mchezaji akihama habebi nyimbo. Mwimbaji wa dansi alipohama, sauti ile ile ilisikika juu ya magitaa mengine na tarumbeta nyingine, na msikilizaji makini akapata nafasi ya kutenga kilichokuwa cha mtu na kilichokuwa cha bendi. Hilo ni jaribio ambalo mtafiti yeyote angelitamani, na wapenzi wa dansi walilipata bure kila wanamuziki walipogombana na viongozi wao.

Ndiyo maana ubishi wa Msondo na Sikinde ulijaa mambo yanayosikika: jinsi gitaa la solo linavyojibizana na rizimu, wapulizaji wanaingilia wapi, wimbo unachelewa kiasi gani kabla ya kufika sehemu ya kuchezea, kisa kinachosimuliwa kina mwisho au kimeachwa hewani. Aliyedai kwamba Sikinde ilipungukiwa baada ya Gurumo kuondoka alidaiwa mifano, na aliyempinga alimtajia nyimbo. Kabla ya hapo, bendi zilikuwa tayari zimezoea kujitambulisha kwa mitindo, kama Saboso wa Western Jazz na Masika wa Super Volcano. Majina hayo yasingekuwa na maana yoyote kama wasikilizaji wasingeweza kuutofautisha mtindo mmoja na mwingine kwa masikio tu. Biashara nzima ya dansi ilisimama juu ya dhana kwamba mteja anasikia.

Taarab inaonyesha jambo jingine: kwamba wasikilizaji wa kawaida waliwahi kuwa sahihi dhidi ya wenye hadhi. Taarab iliyopata nafasi katika kasri ya Sultan Barghash wa Zanzibar katika karne ya 19 iliimbwa kwa Kiarabu, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ilianzia kwenye mkondo huo huo. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kuimba, aliimba kwa Kiswahili. Wapo waliomdharau kwa ukoo wake, kwa sura yake na kwa ufukara wake. Wakazi wa mtaa wa Ng'ambo walimpenda, na mwaka 1928 aliitwa Bombay kurekodi santuri zilizosambaa Afrika Mashariki. Leo hakuna mwalimu anayefundisha historia ya taarab akamruka Siti, wakati waliomcheka hawatajwi ila kwa kumcheka huko. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, aliandika kama mpenzi wa sanaa yake na hakujificha. Mapenzi hayo hayakumzuia kutoa sababu za heshima yake kwa mwimbaji, na msomaji yuko huru kuzipima. Ingekuwa ajabu kukiondoa kitabu hicho katika uhakiki kwa kosa la mwandishi kumpenda aliyemwandika.

Sinema za Kihindi zilileta hali ngumu zaidi, kwa kuwa watazamaji wengi wa Unguja na Pwani hawakuijua lugha yake. Hapo ndipo dhana ya porojo ingetarajiwa kuthibitika. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kwa kina juu ya majumba ya sinema ya Tanzania, alikusanya kumbukumbu za watazamaji wa miaka ya 1950 na 1960, na kinachojitokeza ni kwamba filamu haikuisha taa zilipowashwa. Watu waliirudia nyumbani na barazani, wakaitumia kuzungumzia mapenzi, ndoa za kupangiwa na mamlaka ya wazazi. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ina jaji anayeamini kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na ina mwanawe mwenyewe anayekulia katika umaskini na uhalifu bila baba kumjua. Filamu ya namna hiyo inamlazimisha mtazamaji achukue upande. Asiyejua Kihindi alipata kisa kwa nyuso, kwa nyimbo na kwa maelezo ya jirani, kisha akaanza kubisha kuhusu haki. Huo ni usomaji wa kazi ya sanaa kwa maana yake kamili.

Redio ilitoa ushahidi wa aina hiyo hiyo kwa njia ya utafiti rasmi. Mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, ukiwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, watafiti walilinganisha maeneo yaliyousikia na Dodoma, ambako matangazo ya kituo cha huko hayakuurusha hadi mwaka 1995. Waliona kwamba athari ya mchezo ilipitia kwa kiasi kikubwa katika mazungumzo ya wasikilizaji wenyewe kwa wenyewe. Watu waliomjadili Mkwaju walikuwa wakijadili maisha yao, na walijua wanafanya hivyo.

Kwenye vitabu, dharau kwa shabiki imepewa hata istilahi. Mgawanyo wa riwaya dhati na riwaya pendwa unafundishwa shuleni na vyuoni kana kwamba ulishushwa na maumbile: dhati ni ya kufikiri, pendwa ni ya kupitisha muda. Ugumu huanza mara tu majina yanapowekwa mezani. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla ni hadithi ya upelelezi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Leo inahesabiwa miongoni mwa nguzo za riwaya ya Kiswahili. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla kilitoka mwaka 1965, Kufa na Kupona cha Elvis Musiba mwaka 1974, na vyote vilisomwa na watu ambao hawakulazimishwa na mtihani wowote. Msomaji wa Willy Gamba, mpelelezi wa Musiba, ana vipimo vyake, na ni vikali. Anadai hila isiyokisiwa mapema, kasi isiyolegea katikati, na mji unaotambulika. Alipoletewa vitabu vya waigaji wasioweza hayo, alivitupa, ingawa mpelelezi alikuwa na bastola ile ile na wanawake wale wale. Kipimo kinachotenganisha kazi mbili zinazofanana kwa juu si njaa ya kuburudika tu.

Kwa upande wa riwaya iitwayo dhati, kisa cha Rosa Mistika kinajulikana. Euphrase Kezilahabi aliichapisha mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa kuzungumza waziwazi juu ya ngono na utoaji mimba. Wasomaji waliendelea kuitafuta na kupokezana. Miaka ikapita, ikaingia katika orodha za vitabu vya kusomwa, na sababu zilizotolewa na wahakiki kuitetea (ukweli wa malezi ya binti, ukali wa baba unaozaa kile anachokikimbia) zilikuwa zile zile ambazo msomaji wa kawaida alikuwa nazo tangu mwanzo. Wenye mamlaka ya kuhukumu ndio waliochelewa.

Kusema kwamba maoni ya mashabiki yana hoja si kusema kwamba ni sahihi. Mengi ni makosa, na uwezekano wa kukosea ndio unaoyapa hadhi. Mfano mzuri ni kauli inayosikika katika kila familia, kwamba muziki wa zamani ulikuwa bora na Bongo Fleva ni kelele. Kauli hiyo hulindwa na ladha: mzee anapenda zilipendwa, aachwe. Heshima ya kweli kwake ni kumjibu.

Jibu la kwanza linahusu kumbukumbu. Miaka ya 1970 na 1980, bendi za Tanzania zilirekodi kwa sehemu kubwa katika studio za Radio Tanzania, na kutoka katika hazina hiyo redio zimeendelea kuchagua nyimbo zilizokubalika. Msikilizaji wa leo hulinganisha nyimbo chache zilizochujwa kwa zaidi ya miongo minne na nyimbo zote zilizotoka wiki hii. Zilizokuwa chapwa zamani hazipigwi, kwa hiyo hazihesabiwi. Ulinganisho wa namna hiyo ungeushindisha wakati wowote uliopita dhidi ya wakati wowote uliopo.

Jibu la pili linahusu uigaji. Bongo Fleva inalaumiwa kwa kuiga Marekani, na siku hizi Nigeria na Afrika Kusini. Lakini Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, na bendi zilizofuata zilikulia katika zama za santuri za Kuba zenye chapa ya GV, na baadaye zikajifunza kwa wanamuziki wa Kongo, ambao baadhi yao walihamia Dar es Salaam na bendi zao. Taarab yenyewe ilikuwa na masikio yake Misri. Kuiga ndiyo njia ambayo kila muziki wa mji wa pwani hii umepitia. La kuuliza ni kilichofanywa baada ya kuiga. Juu ya swali hilo Bongo Fleva ina majibu mazuri na mabaya. Ndio Mzee ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001, ilimchukua mwanasiasa mwenye ahadi zisizo na mwisho na kumfanya mhusika wa kichekesho kinachouma, kwa Kiswahili cha mtaani kisichohitaji Marekani yoyote. Nyimbo nyingi za leo zenye maneno sita na mdundo wa kuazima haziwezi kutetewa hivyo. Mzee wa zilipendwa, akisukumwa, atakuwa amekosea kuhusu kizazi kizima lakini sahihi kuhusu nyimbo kadhaa, na hayo ni maendeleo ambayo sentensi ya ladha isingeyaruhusu.

Pingamizi linalotajwa sana ni kwamba shabiki hupofushwa na mahaba. Mfuasi wa Diamond Platnumz haoni zuri la Alikiba, na kinyume chake ni hivyo hivyo. Ni kweli mara nyingi. Lakini kusema kwamba mtu amepofuka ni kukubali kuwa kuna kitu cha kuona. Anayeshikilia kwamba ladha haijadiliwi hana haki ya kulalamikia upofu, kwa sababu katika hesabu yake hakuna kilichofichika. Isitoshe, upofu huo si mali ya mashabiki peke yao. Vyuoni zipo tasnifu ambazo nadharia yake ilichaguliwa kabla kitabu hakijafunguliwa. Riwaya huingizwa ndani yake na kutoka imethibitisha kile ambacho mtahiniwa alikijua tangu ukurasa wa kwanza. Nadharia ni chombo kizuri mkononi mwa aliyekwisha kusoma. Kwa asiyesoma haimwongezei chochote, na shabiki aliyeirudia riwaya mara tano ana jambo la kumwambia.

Madhara makubwa ya sheria ya ladha yameonekana katika miaka ya karibuni. Watu hawakuacha kubishana kwa kuambiwa kwamba sababu hazina kazi. Walitafuta silaha nyingine, wakaipata kwenye namba. Ubishi wa nani mkali sasa huamuliwa kwa idadi ya watazamaji wa YouTube, kwa siku ambazo video imetumia kufikisha milioni, na kwa picha ya simu inayoonyesha nafasi ya wimbo kwenye chati. Namba hazidanganyi, husemwa, na kijiwe hunyamaza. Namba hizo zinaeleza jambo la kweli, ila si lile lililoulizwa. Zinaeleza ukubwa wa soko, nguvu ya matangazo, umaarufu wa mtu na kama wimbo una mchezo unaoigika kwa urahisi kwenye simu. Wimbo wa Nigeria unaanzia katika nchi yenye watu zaidi ya mara tatu ya Tanzania. Tofauti ya watazamaji haisemi lolote kuhusu ubeti wa pili. Mpenzi wa Sikinde aliyelazimika kutetea upulizaji wa bendi yake alikuwa na kazi ngumu kuliko anayenakili tarakimu, na alijua zaidi alichokuwa akikisikiliza.

Wengine watasema kwamba kudai sababu kutaua raha, kwamba mtu aliyechoka na kazi anataka kufurahi na si kuhojiwa. Anayesema hivyo hajakaa kijiweni. Kubisha kuhusu filamu ni sehemu ya raha ya filamu, na kwa wengi ni sehemu iliyo bora. Kinachoua raha ni yule anayeingia katikati ya ubishi na kuufunga.

Magazeti na vituo vya redio vina sehemu yao katika hali hii. Kurasa na vipindi vya burudani vimejaa habari za nani kaachana na nani, nani kanunua gari gani na nani kamjibu nani. Tathmini ya albamu nzima, wimbo kwa wimbo, au ya riwaya mpya iliyosomwa hadi mwisho, ni adimu. Wahariri hujitetea kwamba wasomaji hawataki uchambuzi. Wasomaji hao hao wanachambua kila jioni bila malipo. Wahariri wawape ukurasa, wakitoza sharti moja tu: kila anayesema kazi ni nzuri au mbovu ataje ni wapi ndani ya kazi hiyo, na kwa nini.